Taa ya Jeshi kwenye Ukungu wa Lyamba

Majengo, Sumbawanga
21 Novemba 1954

Huseni mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua utaandika shikamoo yako ndefu kama ya mtu aliyekuja kuposa, basi nimeijibu mapema ili barua yako ijayo ianze na maneno ya maana.

Huku hatujambo. Mvua zimeanza na ukungu nao umeshuka. Umekaa Kampala miaka mitatu, labda umeshausahau ukungu wa Lyamba, pale juu barabara inapoanza kuteremka kwenda bonde la Rukwa. Lori la Baba linaondoka hapa alfajiri kwenda kuchukua samaki na mpunga. Likifika pale dereva Zenon anazima taa, maana zile taa zenyewe hazionyeshi kitu, bora betri ipumzike. Ndipo mume wangu anaposhuka. Uledi anajifunga shuka jeupe la marekani mgongoni, anatembea mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuweza kuligusa, na Zenon anamfuata polepole. Shuka likikata kushoto naye anakata kushoto. Ndivyo wanavyofanya madereva wote wa hapa tangu lilipokuja lori la kwanza. Hakuna aliyewahi kuumia, lakini Uledi anarudi amelowa mpaka mifupani, na kikohozi chake sasa kinawaamsha majirani.

Nimemsumbua Baba mpaka amekubali. Amenunua taa Mbeya, taa ya jeshi iliyobaki baada ya vita, kubwa kama sinia la pilau. Walipoijaribu uani, mbuzi wa jirani walikata kamba. Zenon ameipenda kama mtoto, anaipangusa kwa shati lake.

Sasa wewe uliniandikia kwamba mwalimu wenu anawafundisha hesabu za mwanga unavyopita mawinguni. Nikacheka, nikasema serikali inamlisha mdogo wangu ili ahesabu mawingu. Leo nakuomba radhi. Tuhesabie ukungu wetu. Taa tuiweke wapi, na Uledi akae mbali kiasi gani? Ningependa abaki ndani ya lori kabisa, lakini Zenon anasema bila mtu mbele hajui barabara inaishia wapi na korongo linaanzia wapi. Basi angalau awe mbali na magurudumu.

Jibu upesi, kabla ukungu mzito wa Januari haujafika.

Dada yako,
Kulsumu


Chuo cha Makerere, Kampala
12 Desemba 1954

Dada yangu Kulsumu,

Shikamoo, na hiyo ni fupi kuliko ya mposaji yeyote.

Barua yako niliibeba hadi mezani tunapokula, nikawasomea wenzangu. Wao wanahangaika na maswali ya vitabuni, mimi nimeletewa lori zima na shemeji yangu mbele yake! Nimefanya kazi juma zima.

Sikiliza, nitaeleza kwa Kiswahili chetu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji. Mwanga ukipita humo, baadhi yake hugonga matone na kupotea, na uliobaki huendelea. Kila unene wa ukungu hula fungu lile lile la mwanga unaoingia. Kama kipande cha kwanza cha njia kimekula nusu, kipande cha pili kinachofuata kitakula nusu ya ile nusu, na cha tatu vivyo hivyo. Ndiyo sababu taa dhaifu huishiwa karibu, na taa kali hufika mbali. Nimekadiria nguvu ya taa ya jeshi, nikakadiria ukungu wa Lyamba kama ninavyoukumbuka, nikatia na weupe wa shuka. Jibu ni kwamba Uledi anaweza kwenda hatua ishirini mbele na Zenon akamwona bila kukaza macho. Kwa tahadhari semeni kumi na mbili.

Taa ifungwe juu ya paa la kichwa cha lori, katikati kabisa, ili boneti lisiizuie. Shuka liwe pana na jeupe zaidi, maana linavyozidi weupe ndivyo linavyorudisha mwanga.

Zenon asisite. Macho ya mtu huchoka na kudanganyika, hesabu haina usingizi wala haikohoi.

Msalimie Baba, na shemeji mwambie nataka kusikia kikohozi kimepona.

Ndugu yako,
Huseni


Majengo, Sumbawanga
5 Januari 1955

Huseni mdogo wangu,

Unavyoandika siku hizi, hata salamu zako zina hesabu ndani. Lakini leo nakusifu, nawe usivimbe kichwa.

Taa imefungwa juu ya paa kama ulivyosema. Wameteremka Lyamba mara kadhaa tangu Noeli, na ukungu ukiwa mwepesi Zenon anasema anahesabu hata nyuzi za shuka. Anaiita taa Bibi Arusi, kwa kuwa watu wote wanaitazama, yeye hawamtazami. Uledi anakwenda mbali mbele kama ulivyopanga, anatembea huru, hapati moshi wala matope ya gurudumu. Samaki wanafika sokoni kabla ya wa Mhindi. Baba anazunguka mjini akisema, mwanangu wa Makerere, mwanangu wa Makerere, mpaka watu wanabadili njia.

Ukungu wenyewe mzito bado haujaja, lakini sasa tunaungoja bila hofu. Nimeshona shuka jipya, marekani mbili zimeunganishwa. Uledi akilivaa anaonekana kama padri wa kule Kizwite, namwambia ajihadhari asije akaungamisha watu.

Yuko hapa anataka kusema kitu. Ninaandika anavyotamka.

"Shemeji, ni mimi Uledi. Dada yako akipunguza maneno yangu nitajua. Taa ni nzuri, kifua kimepata nafuu. Ila kuna jambo moja la kuchekesha. Ule mwanga ukinipiga mgongoni, naona kivuli changu. Hakilali chini barabarani kama kivuli cha mtu, kimesimama hewani mbele yangu, kirefu, kinatembea nami. Mara ya kwanza nilimpisha njia! Sasa tumezoeana. Je, hesabu yako inamjua huyo mwenzangu?"

Huyo ndiye mume wangu. Anacheka peke yake hapa mpaka chai imemwagika.

Dada yako,
Kulsumu


Majengo, Sumbawanga
24 Januari 1955

Kwa Baba yangu Abdala, Ujiji

Shikamoo Baba. Yeyote anayekusomea barua hii, akukalishe kwanza.

Uledi amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, juu ya Lyamba, na tumemzika siku ile ile kabla ya jua kuzama. Hatukuweza kukungoja urudi safari.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko wowote wa mwaka huu. Uledi alishuka na shuka lake akatangulia, Zenon akawasha taa. Lori lilimpita juu. Watu wawili waliokuwa nyuma juu ya magunia wanasema lilikuwa linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, si mbio. Zenon mwenyewe alimbeba, akageuza lori, akamleta mpaka mlangoni kwangu. Alipiga magoti hapa kizingitini akasema, "Mama, niliona weupe tu. Niliona weupe, halafu nikasikia gurudumu limepanda kitu."

Baba, alinuka pombe ya ulezi. Ilikuwa inamtoka mdomoni pamoja na kilio. Tumemlea mtu huyu katika kazi miaka kumi, tumekula naye Idi na Noeli, naye kampanda mume wangu kama gunia kwa sababu ya kibuyu cha pombe. Askari walipokuja niliwaambia. Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, aliponiuliza bomani nikasema vile vile, na nikiulizwa tena nitasema tena. Wamemfunga hapa Sumbawanga, akisubiri kupelekwa Mbeya kwa jaji mwezi wa Mei.

Huseni asiambiwe. Mitihani yake ni mwezi wa Machi. Akijua ataacha kila kitu arudi, na tutakuwa tumezika watu wawili. Nakuomba hata wewe usimwandikie.

Nimekaa eda. Sina machozi yaliyobaki, nina hasira tu.

Mwanao,
Kulsumu


Makerere, Kampala
27 Januari 1955

Dada Kulsumu,

Shikamoo. Ukiipata barua hii kabla lori halijaondoka, lizuieni. Kama limeondoka, mtumeni mtu kwa baiskeli. Izimeni ile taa.

Nimekosea. Maneno ya shemeji kuhusu kile kivuli yalinichekesha, kisha yakaninyima raha. Kivuli hakiwezi kusimama hewani pasipo kitu cha kukishika. Kilichokishika ni ukungu wenyewe, maana yake ukungu unang'aa. Nami katika hesabu yangu niliuchukua mwanga wote unaogonga matone nikauhesabu umekufa. Haukufa. Umepotea njia tu. Tone linaurushia tone lingine, nalo lingine, unazunguka kama mlevi anayetoka kilabuni, hatua huku hatua kule, na sehemu kubwa mwishowe inarudi ilikotoka. Inarudi machoni mwa Zenon.

Nilikwenda kwa mwalimu. Akanionyesha namna ya pili ya kuhesabu. Unauchukua mwanga kama mikondo miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na kila mahali ndani ya ukungu mmoja unamlisha mwenzake. Huwezi kuujua wa kwenda bila kuujua wa kurudi, wala wa kurudi bila wa kwenda, lazima uifumbue yote miwili kwa pamoja. Nilikaa nayo mpaka ikatoka. Jibu lake ni baya. Ukiongeza nguvu ya taa mara kumi, shuka litang'aa mara kumi, na ukungu ulio mbele ya shuka nao utang'aa mara kumi. Jicho halipati faida yoyote. Tena taa ikiwa juu ya paa, karibu na macho ya dereva, inamulika ukungu ule ule anaopaswa kuupenya kwa macho. Na shuka jeupe ndani ya weupe ule halionekani kabisa. Hata lingekuwa jeusi, kwa umbali nilioutaja lisingeonekana ukungu ukiwa mzito.

Kwenye ukungu mwepesi yote haya hayadhuru, ndiyo maana mlinisifu. Kwenye ukungu mzito Zenon atakuwa anaendesha kuelekea ukuta mweupe, na Uledi yuko ndani ya ukuta huo.

Rudini kwenye desturi yenu ya zamani. Taa izimwe, Uledi akae karibu na boneti. Niandikie neno moja tu kwamba mmeizima.

Huseni


Majengo, Sumbawanga
16 Februari 1955

Huseni mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu, kisha nikaisoma tena.

Taa imezimwa. Uledi hatembei tena mbele ya lori. Kikohozi nacho kimekwisha.

Usihangaike na mambo ya huku. Shika mitihani yako.

Dada yako,
Kulsumu


Makerere, Kampala
4 Machi 1955

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu ya akiba!

Hujui umeniokoa vipi. Nilikuwa silali. Kila nikifumba macho naona lile shuka. Ilipofika barua yako fupi nilikaa chini kwenye ngazi za posta nikacheka kama mwehu. Kwa hiyo shemeji amekataa kabisa kutembea, amejikalia ndani ya lori anakula karanga! Mwambie amefanya vizuri. Mwambie pia kwamba yule mwenzake wa kivuli amekuwa mtu mashuhuri hapa.

Maana sikukuambia. Ile hesabu ya mikondo miwili niliiandika yote kwa mpangilio, na mwalimu ameipenda mno. Anasema wakubwa huko Ulaya wameshughulikia jambo hili kwa ajili ya nyota na mawingu, lakini hajaona mwanafunzi aliyelifikia kutokana na lori la samaki. Ameniandikia barua ya kuniombea nafasi Uingereza, miaka miwili. Majibu yatatoka baada ya mitihani. Dada, hakuna mtu wa Ufipa aliyewahi kwenda kusoma hesabu Uingereza. Nikienda, tutakwenda wote, maana jina letu ni moja.

Mpe mkono Zenon. Mwambie ananidai chupa ya soda kwa kumtisha bure.

Ndugu yako mwenye furaha,
Huseni


Majengo, Sumbawanga
22 Machi 1955

Huseni,

Mitihani yako imekwisha juzi, nimehesabu. Basi sasa kaa chini.

Uledi amekufa. Amekufa tangu tarehe ishirini na mbili ya Januari. Barua yako ya kusema izimeni ilipokuwa bado iko Kampala, yeye alikuwa ameshalala kaburini siku tano. Lori lilimpita juu pale Lyamba, kwenye ukungu mzito, taa ikiwaka, shuka langu jipya mgongoni, naye akiwa mbali kama ulivyopanga. Nilikuficha. Nilikuandikia maneno ya kweli yaliyokaa kama uongo, nawe ukayapokea ulivyotaka. Sikulaumu kwa hilo. Lakini ulipoandika habari za karanga nilitoka nje nikatapika.

Sikuandikii ili nikupige. Ungejua, ungemkataza. Mimi ndiye niliyeitaka taa, mimi ndiye niliyekuuliza, Baba aliinunua, wewe ulihesabu, Uledi alicheka. Kila mmoja wetu alimsukuma kidogo kwa kumpenda. Nimelia nalo hilo na sasa naliacha.

Ninayekuandikia habari zake ni Zenon. Yuko gerezani tangu siku ile. Wanasema alilewa. Wanasema hivyo kwa sababu mimi nilisema. Alikunywa bakuli moja la pombe nyumbani kwake Kizwite ili apate joto, kama anavyokunywa kila asubuhi ya baridi maisha yake yote, nami niliposikia harufu nikapata mtu wa kumchukia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Alisema aliona weupe tu, na nilidhani ni maneno ya mlevi. Barua yako ikaja ikaniambia yale yale, weupe tu, na ilikuwa imetoka kwa mtu ambaye hajaonja pombe.

Mkewe Kalista hupita hapa kila Jumapili akitoka kanisani. Anaweka unga wa ulezi mlangoni, anaondoka bila kugonga. Nimemfunga mumewe, naye ananiletea unga.

Nilikwenda kwa Bwana Shauri kusema nimekosea. Akaniambia kwa upole kwamba huzuni humgeuza mtu, na kwamba taa kali humsaidia dereva, kila mtu anajua. Mwezi wa Mei Zenon atapelekwa Mbeya, na huko wanasema ni miaka mingi. Ana watoto watano.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwandikie Bwana Shauri kwa Kiingereza chenu. Mweleze hesabu zote mbili, ile ya kwanza iliyokosa na ile ya pili. Sema ni wewe uliyetuambia tuiweke wapi na mtu akae mbali kiasi gani. Wewe atakusikiliza, una chuo nyuma yako. Iandike leo.

Dada yako,
Kulsumu


Makerere, Kampala
8 Aprili 1955

Dada Kulsumu,

Shikamoo.

Mungu amrehemu shemeji. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na nilipogeuka alikuwa ameshaachia zamani. Siku hizi sili. Nikiona karatasi ina namba naigeuza.

Ile barua ya Kiingereza nimeianza mara nyingi. Nimeichana mara hizo hizo. Dada, nisikilize na usinikasirikie kabla hujamaliza. Nafasi ya Uingereza imetoka. Nimepewa mimi. Naondoka mwezi wa Agosti. Nimepewa kwa sababu ya hesabu hii hii. Nikiiandikia serikali kwamba hesabu yangu imeua mtu, barua itatoka Sumbawanga kwenda Mbeya, itatoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na huko ndiko wanakotia sahihi safari yangu. Watasema nini? Watampeleka mwingine. Na Zenon huenda asipate faida yoyote, maana jaji atasema hesabu ya mwanafunzi si ushahidi.

Wewe nawe ulishaapa kuhusu pombe. Ukigeuza maneno wanaweza kukushtaki. Huenda jaji akamhurumia, ni mtu mzima na hana kosa la nyuma. Nikirudi na kazi kubwa nitawasomesha watoto wake wote watano, naapa. Hata mmoja hatakosa shule.

Naomba unijibu jambo moja kwa haraka, linanikosesha usingizi. Je, jina langu limeshatajwa bomani?

Ndugu yako,
Huseni


Majengo, Sumbawanga
1 Mei 1955

Huseni,

Barua yako niliipokea Jumatatu. Nilimaliza kuisoma kabla ya kukasirika, kama ulivyotaka.

Mvua zilikuwa zinakatika. Ukungu wa Lyamba ulikuwa umebaki wa siku chache, na ukishakwisha hapana tena mpaka Novemba, wakati huo Zenon yuko Mbeya anavunja mawe. Basi nilitoka tena. Ndiyo, eda yangu haijaisha. Mwalimu wa madrasa alisema haja ya lazima inaruhusu, lakini wanawake wa Majengo hawakumsikia mwalimu, wamenisikia mimi nikifungua mlango. Wananiita majina mabaya. Waache.

Nilikwenda na Kalista. Tulikaa kwenye ngazi za boma tangu asubuhi mpaka Bwana Shauri akachoka kutupita. Nikamwambia, Bwana, wewe husadiki maneno, basi njoo utazame kwa macho. Lete mfungwa, lete askari, Baba ataleta lori na taa yake. Nitasimama na shuka mbele ya taa, na kama utaniona, mpeleke Zenon Mbeya nami sitasema tena. Akauliza ukungu ni saa ngapi.

Jumatano alfajiri tulikuwa juu. Ukungu ulikuwa ule ule, mzito, unaingia mdomoni. Zenon walimketisha nyuma ya usukani, pingu mkono mmoja. Alipoishika ile swichi ya taa aliiachia, akasema, "Mama, usiniambie niwashe. Nifungeni, lakini usiniambie niwashe." Injini ilikuwa imezimwa, breki imevutwa, magurudumu nimeyawekea mawe mwenyewe, lakini alilia kama lori linakwenda. Bwana Shauri akakaa ubavuni mwake. Mimi nikajifunga shuka. Si lile, lile alizikwa nalo. Nilikata jingine, marekani mbili, upana ule ule.

Nikaanza kutembea. Nilikuwa nimemwomba Bwana Shauri apige kelele akiacha kuniona, nami nisimame papo hapo. Sikwenda mbali. Nilikiona kile kivuli, Huseni. Kilikuwa kimesimama mbele yangu kirefu, kama Uledi alivyosema, na nilijua kwamba ndicho kitu cha mwisho alichokiona duniani. Sikucheka.

Nikamsikia Bwana Shauri akisema, "Simama." Kisha nikamsikia akimwuliza Zenon kwa sauti ndogo, "Amekwenda wapi?" Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti yake ndogo. Nilikuwa nasikia hata pingu ya Zenon ikigonga usukani. Akashuka, akaja na mikono mbele kama kipofu, akapita ubavuni mwangu, nusura anikanyage. Akarudi, akapanda, akasema izimwe. Wakaizima. Mapambazuko yalikuwa yameanza, na katika ule mwanga hafifu nikawa nimesimama pale pale mbele ya boneti, ananiona. Aliiwasha na kuizima mwenyewe mara nyingi. Mwishowe akavua kofia.

Ameandika Mbeya kwamba hana kesi. Zenon amelala kwake Kizwite tangu Ijumaa. Amekonda, ana kikohozi kibaya alichokipata mule ndani, na hataki kuona lori. Tulipokwenda kumwona alitupa viti, akatazama ukuta. Baba amemwambia kazi yake ipo. Sidhani kama atatusamehe, na sidhani kama anapaswa.

Sasa nakujibu ulichouliza.

Tulirudi wote bomani, Bwana Shauri akaandika kila alichokiona. Alipomaliza akainua kichwa akaniuliza swali moja, ni nani aliyetufundisha kuiweka taa juu ya paa na kumpeleka mtu mbali vile. Nilijua atauliza. Kalista alikuwa nje. Baba alikuwa amesimama mlangoni, Zenon ameketi sakafuni na pingu yake, na wote wawili walijua.

Nikasema ni mume wangu. Nikasema Uledi alijibunia mwenyewe, alikuwa mtu wa kujaribu-jaribu mambo. Bwana Shauri akamgeukia Zenon. Zenon alinitazama muda mrefu, kisha akasema, ndiyo, ni marehemu. Baba aliinamisha kichwa. Ikaandikwa hivyo, ikapigwa muhuri, na hivyo ndivyo itakavyosomwa na yeyote atakayeisoma, kwamba Uledi alikufa kwa ujinga wake.

Jina lako halikutajwa. Unaweza kwenda.

Kulsumu binti Abdala,
mjane wa Uledi